Kutu ya Amani: Paa la Boksi la Lori la Jeshi na Uaminifu kwa Historia

Wanaokarabati malori ya kale ya jeshi hulifikiria paa la boksi mwisho kabisa, ilhali ndilo linaloamua kama vitu vingine vyote vitadumu. Mwenye lori atahangaika miaka kutafuta injini yenye namba sahihi, taa za aina ile ile na kijani kilichochujuka kiasi kile kile, halafu masika moja maji yanaanza kuteremka kwenye ukuta wa ndani, juu ya rafu za redio au machela ya majeruhi, na hapo swali haliahirishiki tena. Bati lililotafunwa na kutu liondolewe au liachwe? Likiondolewa, lifuatwe na bati gani? Wengi katika shughuli hii wanaamini kwamba jibu la heshima ni moja tu: chuma kwa chuma, unene kwa unene, na anayefanya vinginevyo ameisaliti historia. Naona imani hiyo imekosea, na historia yenyewe ndiyo inayoikanusha. Paa la boksi la lori la jeshi halikuwahi kuwa kitu cha kudumu. Majeshi yaliyolitengeneza yalibadilisha mali yake kila uhaba ulipobadilika, karakana zao zililing'oa na kulibandika upya bila kusita, na kutu tunayoiona leo kwa sehemu kubwa haikuletwa na vita. Kinachostahili kulindwa ni umbo la paa, kazi yake na alama zilizoachwa juu yake na waliolitumia. Bati lenyewe ni la kupita.

Tuanze na boksi lenyewe. Vita vya karne ya 20 vilidai vyumba vinavyotembea. Redio haikuweza kuwekwa chini ya turubai ikabaki kavu. Fundi mwenye mashine ya kukereza alihitaji sakafu imara, mwanga na mlango wa kufungwa. Ofisa mwenye ramani alitaka taa inayowaka usiku bila mwanga wake kuonekana na ndege, na daktari alitaka mahali pasipoingia vumbi. Ndiyo maana kila jeshi lilichukua chesisi za kawaida za malori na kuzibebesha maboksi ya kila namna. Lakini yeyote anayedhani kwamba boksi la kijeshi maana yake ni boksi la chuma aiangalie Austin K2/Y, gari la wagonjwa lililobeba majeruhi wa Uingereza kuanzia mwaka 1940 hadi mwisho wa vita. Yalitengenezwa zaidi ya 13,000. Boksi lake, lenye nafasi ya majeruhi wanne waliolala kwenye machela au kumi waliokaa, lilijengwa na Mann Egerton wa Norwich kwa fremu ya mbao, na juu ya mbao ile likavutwa kitambaa kilichopakwa kifanane na ngozi. Hilo ndilo lililozunguka jangwani Libya na kwenye matope ya Ulaya. Fundi wa leo anayelifunika K2/Y kwa bati la chuma kwa kuwa anaona ndivyo lori la jeshi linavyopaswa kuwa, ameunda kitu ambacho hakikuwapo, hata kama bati lake ni la chuma safi kabisa.

Hata maboksi yenye majina makubwa hayakuheshimiwa kama tunavyotaka kuyaheshimu sisi. Februari 1941, majeshi ya Uingereza yalipowashinda Waitaliano mashariki mwa Libya, yaliteka gari la Jenerali Annibale Bergonzoli lililokuwa na boksi la kuishi na kufanyia kazi. Boksi hilo lilikuja kuwa ofisi ya Jenerali Montgomery, na njiani likahamishwa kutoka kwenye chesisi yake ya Kiitaliano na kufungwa juu ya Leyland Retriever ya Kiingereza. Leo liko Duxford, kwenye Makumbusho ya Vita ya Uingereza, pamoja na mengine mawili aliyoyatumia Montgomery: moja lililotekwa Tunisia mwaka 1943 kutoka kwa Marshal Giovanni Messe, na moja la ramani lililojengwa Trafford Park, Manchester, mwaka 1944. Makumbusho hayajaona haya kulionyesha boksi la Kiitaliano juu ya magurudumu ya Kiingereza, na yako sahihi, kwa sababu huo mchanganyiko ndio ukweli wa lile gari. Askari waliolihamisha hawakujiuliza lipi ni halisi. Walikuwa na boksi zuri na chesisi nzima, wakaviunganisha.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka Marekani, kwa sababu huko mambo yalifanyika kwa wingi usio na mfano. GMC CCKW, lori la magurudumu kumi lililotolewa kuanzia 1941 hadi 1945, lilitengenezwa kwa idadi ya zaidi ya 500,000. Kitanda chake cha mizigo kilianza kikiwa cha chuma. Chuma kilipohitajika zaidi kwenye viwanda vya meli, kikawa cha mbao. Mbao ziliposhindwa kuhimili kazi, kikaja kitanda cha mchanganyiko, pande za chuma na sakafu ya mbao, na mwishowe chuma kikarudi. Chumba cha dereva kilipitia mageuzi ya aina hiyo hiyo: malori ya mwanzo yalikuwa na paa la bati, ya baadaye yakawa wazi na kufunikwa turubai, jambo lililookoa chuma na kupunguza kimo cha lori melini. Msafara wa Red Ball Express ulipoanza tarehe 25 Agosti 1944, ukiwalisha wanajeshi waliokuwa wakisonga mbele Ufaransa, magari karibu 6,000 yalipita barabarani mchana na usiku, mengi yakiendeshwa na Wamarekani weusi waliozuiwa kupigana bega kwa bega na wenzao weupe. Katika shughuli kama hiyo lori la paa la bati na lori la paa la turubai yalikuwa kitu kimoja: tani za petroli na risasi zinazotakiwa kufika. Upande wa pili wa mstari wa vita hali ilikuwa ngumu zaidi. Ndege za Washirika zilikivunja kiwanda cha Opel cha Brandenburg tarehe 6 Agosti 1944, na lori la Blitz likaendelea kutengenezwa Mannheim na Daimler-Benz, washindani wake wa jana, likiwa na chumba cha dereva cha fremu ya mbao na kuta za mbao zilizosagwa na kushindiliwa. Leo atakayeitaka Blitz ya mwaka huo iwe na chumba cha bati atakuwa anaisahihisha historia ambayo haikuomba kusahihishwa.

Kama mali ya paa ilibadilika namna hiyo, ni nini basi kilichobaki pale pale? Umbo. Maboksi ya Kisovieti yanalionyesha jambo hili vizuri kuliko yote. Baada ya vita, Umoja wa Kisovieti ulisanifu maboksi ya aina moja, yaliyojulikana kama KUNG, ya kufungwa kwenye malori kama ZIL-157, GAZ-66 na ZIL-131. Ukilitazama boksi hilo kwa nyuma utaona kuta haziendi wima hadi juu. Zinapokaribia paa, pembe zinakatwa mshazari au paa linapinda kama mgongo. Mtu anaweza kudhani ni urembo, au ni njia ya kumwaga theluji. Sababu ya msingi ni reli. Lori la jeshi lilipaswa kupakiwa juu ya behewa la wazi na kupita chini ya madaraja na ndani ya mahandaki bila kugusa kitu, na sehemu inayogusa kwanza siku zote ni pembe za juu. Mbunifu aliyeketi kuchora KUNG alikuwa na mstari wa vipimo vya reli mbele yake, na paa likafuata mstari ule. Maboksi ya mwanzo yalikuwa na fremu yenye mbao, bati nje na plaiwudi ndani. Ya baadaye yalikuja kutengenezwa kwa povu gumu lililobanwa kati ya tabaka mbili nyembamba, bila fremu kabisa. Mali imetoka kwenye mbao na bati hadi kwenye povu, lakini pembe zilizokatwa zimebaki, kwa sababu reli haikubadilika. Aliyeweka paa jipya la chuma safi lenye pembe za mraba, kwa kuwa pembe za mraba ni rahisi kukunja, ameharibu ushahidi mkubwa kuliko aliyeweka alumini kwa umbo sahihi. Wa kwanza amefuta reli kwenye historia ya gari lile.

Sasa kutu. Kuna hisia inayowavuta wengi, nami naielewa, kwamba bati lililotoboka limebeba kumbukumbu ya vita na kulitupa ni kuifuta kumbukumbu hiyo. Hisia hiyo inapotosha kuhusu wakati. Lori la vita, kwa kawaida, halikuishi kiasi cha kuozea paa. Liliungua, lilikanyaga bomu, lilipindukia bondeni au injini yake ilikufa kwa kupelekwa mbio bila matengenezo. Kutu inataka muda na utulivu, na vyote viwili ni mali ya amani. Inaanza lori linapoegeshwa uwanjani nyuma ya ghala la jeshi likingojea mnada, inaendelea kwa mkulima au mkandarasi aliyelinunua akalifanya stoo, na inamaliza kazi chini ya mti ambako hakuna aliyelitazama kwa miaka 30. Hata rangi yake inalieleza hili. Rangi ya kijeshi isiyong'aa ilichaguliwa ili jua lisirudishe mng'ao machoni pa rubani wa adui. Haikuchaguliwa ili bati lidumu. Rangi ya namna hiyo huwa na unga mwingi kuliko gundi, haiufungi uso wa chuma sawasawa, na inashika unyevu. Jeshi lilijua linanunua maficho, na kwa gari lililotarajiwa kuishi muda mfupi hiyo ilikuwa biashara nzuri.

Inafaa kulitazama paa kwa karibu, maana ugonjwa wake una utaratibu. Boksi la kawaida la bati lina mbavu zilizopinda zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake shiti nyembamba zimepigiliwa ribiti au kuchomelewa. Pembeni shiti hukunjwa kuelekea chini, na chini ya mkunjo huo kuna kifereji cha kuyaelekeza maji yasimwagikie mlangoni. Kifereji hiki, kilichowekwa ili kulinda, ndicho kinachoua. Hujaa vumbi na majani yaliyooza, na uchafu huo hukaa na maji siku nyingi baada ya mvua kukatika. Mastiki iliyopakwa kiwandani hukauka, hupasuka nyufa za unene wa uzi, na maji huingia kati ya shiti na ubavu mahali ambapo brashi ya rangi haikufika hata siku ya kwanza. Hapo kutu inaota, na kwa kuwa inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilikotoka, inaanza kusukuma. Ribiti zinavutika, shiti inanyanyuka mawimbi mawimbi, mshono unafunguka zaidi na maji yanaingia kwa wingi. Ukipita mkono juu ya paa la hivyo utasikia uvimbe mdogo mdogo umejipanga mstari mmoja kufuata kila ubavu, ilhali katikati ya shiti bati bado ni zima kabisa. Ndani nako kuna adui mwingine. Watu watatu au wanne waliofungiwa na redio zenye joto usiku wa baridi wanatoa mvuke, mvuke unapanda, unakutana na bati baridi na linatoka jasho. Jasho hilo hunyonywa na pamba au sufi iliyowekwa kuzuia baridi, ambayo inabaki imelala juu ya mbao za fremu kama kitambaa kibichi. Ongeza matundu ya antena, ya bomba la jiko na ya vipitisha hewa, ongeza buti za askari waliopanda juu kufunga nyavu za kuficha gari, na utaona kwamba paa ndilo lililopigwa pande zote mbili.

Majeshi yenyewe yalilitendeaje paa lililofikia hapo? Yalilibadilisha. Uingereza iliunda kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo, REME, tarehe 1 Oktoba 1942, kwa sababu vita vya jangwani vilikuwa vimeonyesha kwamba jeshi linaloshindwa kufufua magari yake linashindwa vita. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kufanya ukarabati mdogo mbele na mkubwa nyuma, na kwenye karakana kubwa magari mawili yaliyoumia yaligeuzwa moja linalotembea. Baada ya vita Wamarekani walikusanya magari yaliyotapakaa kwenye visiwa vya Pasifiki, wakayapeleka Japani na kuyajenga upya, na mengi ya hayo ndiyo yaliyokuwa tayari vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950. Ufaransa nayo ilizijenga upya GMC zake na kuzitumia miaka mingi. Historia hii inatugusa hata sisi. Madereva na mafundi wa Afrika Mashariki walipeleka misafara kaskazini katika kampeni iliyoichukua Mogadishu tarehe 25 Februari 1941 na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya (King's African Rifles) na wenzao, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua za monsuni, ambako kulitembeza lori kwenye tope kulikuwa vita vya peke yake. Amani ilipokuja mitambo ya jeshi iligeuzwa ya kiraia. Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulitegemea kwa sehemu kubwa mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Na miaka mingi baadaye, Bedford zilizostaafu jeshini Uingereza zilifika Nairobi zikiwa zimepakia watalii waliovuka Afrika nzima, bodi zao zimekatwa na kuungwa upya kufuata safari. Katika mlolongo wote huu hakuna hatua hata moja ambapo paa la awali lilihesabiwa kitu kitakatifu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wahifadhi wa makumbusho, na halipaswi kujibiwa kwa pupa. Wanasema: jeshi lilikuwa na vita vya kupigana, sisi tuna kazi tofauti. Bati la awali ni hati. Unene wake, aina ya ribiti, tabaka za rangi, hata namna mkunjo ulivyopigwa, vyote vinasema kitu kuhusu kiwanda na mwaka, na kizazi kijacho kinaweza kuuliza maswali ambayo sisi hatujayafikiria. Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unasimama upande huo: unataka mali ya awali ihifadhiwe kadiri inavyowezekana, kazi inayofanywa iandikwe, na kilichobadilishwa kiweze kutambuliwa. Nakubali msingi huo wote, na ndio unaonifikisha kwenye hitimisho langu. Paa si hati pekee ndani ya boksi. Chini yake kuna mbao zenye maandishi ya penseli ya mafundi, vibao vya maelekezo, nyaya, rafu zilizochongwa kwa kipimo cha redio fulani, rangi ya ndani ambayo haijawahi kuguswa. Bati lililotoboka, likiachwa kwa jina la uhalisi, linaziangamiza hati hizo zote ili lenyewe libaki miaka michache zaidi. Pale ambapo paa bado linazuia maji, au ambapo historia ya gari mahususi inajulikana kama ya yale ya Duxford, liachwe, litibiwe, gari lilazwe ndani ya jengo kavu. Lakini malori mengi hayana jengo, na hayatapata. Kwa hayo, kumtetea mlinzi aliyekwisha kufa ni kuwatoa sadaka wanaolindwa.

Pingamizi la pili ni la woga, na woga huo una sababu. Ukishafungua mlango wa kubadili mali, wanasema, utamzuiaje anayetaka dirisha juu ya paa, mitambo ya sola, na boksi lililoinuliwa kwa nusu mita ili asimame wima akipika? Malori mengi ya jeshi Ulaya yamekwenda njia hiyo, yakawa nyumba za safari, na mengine hayatambuliki tena. Jibu ni kwamba mpaka upo, ila umechorwa mahali tofauti na wanapouchora wao. Watu wa pwani wanalijua hili kwa jahazi: mbao hutolewa moja baada ya nyingine, safari baada ya safari, na chombo kinabaki kile kile mradi mwandamo wa mbavu na mstari wa ubavu haujavunjwa. Siku fundi akibadilisha umbo ili kiingie injini kubwa, hata kama mbao zote ni za zamani, amekwisha kuunda chombo kingine. Kwa boksi, mwandamo huo ni mpindo wa paa, idadi na nafasi ya mbavu, mkunjo wa ukingoni na kifereji chake, mpangilio wa ribiti unaoonekana nje, na kila tundu lililokuwa na kazi. Anayevihifadhi hivyo hata kwa mali mpya yuko ndani ya mpaka. Anayevifuta kwa bati la aina ile ile la mwaka 1944 yuko nje.

Hata hivyo sisemi mali zote ni sawa. Chaguo lina matokeo ya kimwili, na hapa wenye haraka ya kuweka alumini wanahitaji kusikilizwa kwa tahadhari ile ile. Chukua paa la mita 4 kwa mita 2.2. Kwa bati la chuma la milimita 1, shiti peke yake zina uzito wa kilo 69 hivi. Kwa alumini ya milimita 1.5 ni karibu kilo 36. Kupungua kwa uzito juu kabisa ya lori refu lenye chesisi nyembamba ni faida ya kweli kwenye barabara yenye mteremko wa upande. Lakini alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kati ya alfajiri ya baridi na saa nane mchana paa linaweza kutofautiana nyuzi 40, na kwa urefu wa mita 4 chuma kitaongezeka kama milimita 2, alumini karibu milimita 4. Tofauti hiyo, juu ya fremu ya chuma isiyotanuka nayo, itazilegeza ribiti na kuipasua mastiki mwaka baada ya mwaka. Tena, alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, hasa wa chumvi, ndiyo inayoliwa, kwa hiyo lazima itenganishwe kwa rangi nzito na utepe wa mpira kila inapokutana na ubavu. Kwa boksi la fremu ya chuma, basi, ninaona bati la chuma lililochovywa zinki ndilo jibu zuri mara nyingi, na linakaribia kabisa lililokuwapo. Kwa boksi la fremu ya mbao alumini ina nafasi yake. Kwa K2/Y ni kitambaa, kwa kuwa wepesi ndio uliokuwa mpango wake mzima. Jambo moja naliona ni la lazima popote: kuboresha yale tu yasiyoonekana. Zinki chini ya rangi, praima nzuri ndani ya mkunjo, mastiki ya kisasa kwenye mshono, vitundu vya kutolea jasho kwenye miguu ya mbavu. Mafundi wa mwaka 1944 wangevitumia hivi vyote kama wangekuwa navyo na kama wangekuwa na muda.

Kuna wanaosema haya yote ni ya makumbusho yenye fedha, na kwamba mtu binafsi mwenye lori moja na mashine moja ya kuchomelea hawezi kubeba mzigo wa kumbukumbu. Sikubaliani. Kazi yenyewe inamlazimisha afanye nusu yake. Hawezi kukata shiti mpya bila kuiondoa ya zamani nzima, kutoboa vichwa vya ribiti kimoja kimoja, na kuilaza chini iwe kiolezo cha kuchorea, na hapo nafasi ya kila tundu na umbali wa kila ribiti uko mbele ya macho yake. Kinachoongezeka ni picha za simu kabla na baada, vipimo vilivyoandikwa kwa penseli kwenye daftari, na mwaka uliogongwa kwa patasi ya namba upande wa chini wa shiti mpya, pale ambapo mkaguzi wa baadaye atatafuta. Kutoka kwenye bati la zamani akate kipande cha ukubwa wa kiganja mahali ambapo bado ni zima, chenye tabaka zote za rangi, mchanga wa jangwani chini ya kijani, kijani chini ya rangi ya mkandarasi, na akifunge kwa skrubu mbili ndani ya mlango. Matundu ambayo hayana kazi tena, ya antena au ya bomba la jiko, yasichomelewe. Yazibwe kwa kifuniko cha kufunguka chenye mpira, ili atakayepata redio sahihi aweze kuupitisha waya pale pale ulipopita.